Kondensa Zisizo na Maandishi

Ndugu zangu, ninyi mliozaliwa juzi hamkuijua Makambako ile ya enzi za Mwingereza. Reli haikuwapo. Palikuwa na njia panda, malori yaliyopumzika kabla ya kwenda Njombe, na baridi iliyotukusanya jioni kwenye kibaraza cha fundi Tarsis. Redio yake ilitumia betri ya lori. Tulisikiliza kwaya na habari kutoka Dar es Salaam huku tukila mahindi ya kuchoma ya mkewe, Telesia. Hata leo nikisikia kwaya redioni, nanusa moshi ule.

Tarsis alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita. Redio nyingi alizoletewa zilikuwa kuukuu, zilizoachwa na walowezi, na ugonjwa wao ulikuwa uleule: kunguruma kama nyuki mzingani hadi sauti ya mtangazaji imezwe. Alifungua na kutafuta kondensa, kile kikopo cha bati kinachotuliza umeme. Ikiwa imevimba kichwani au imetoa uchafu mweupe chini, alijua dawa iliyomo imekauka. Aliitoa, akaunga mpya, na redio ikaimba.

Lakini yeye naye alikuwa na ugonjwa wake, uchoyo wa ujuzi. Kila kondensa mpya aliikwangua maandishi kwa kisu, hata alama za upande wa chanya na hasi, asije mtu akamwiga. Alizipanga sandukuni kwa utaratibu alioujua peke yake.

"Baba Yudita, nifundishe nami," Telesia alimwambia siku moja, nami nipo. "Ukiugua je?"

"Ukijua wewe, kesho atajua kaka yako, keshokutwa Makambako nzima. Mimi nitakuwa fundi wa nini?"

Kaka huyo, Lameki, alikwisha kuomba kufundishwa akafukuzwa. Akaenda kujifunza Iringa.

Asubuhi moja ya masika, Tarsis alianguka kazini. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, ulimi ukawa mzito, na katika kuanguka alilipindua sanduku. Kondensa zote zikachanganyika sakafuni.

Wateja wakapungua. Kibaraza kikawa kitupu, nasi tukapita mbali kwa aibu ya kutojua la kusema. Ndipo akaja Mzee Gideoni kutoka Njombe, kuifuata redio aliyoiacha itengenezwe, akamsalimu Telesia kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Mke wangu hatoki kitandani. Redio ndiyo kanisa lake."

Telesia hakuweza kumrudisha mikono mitupu. Aliifungua. Tarsis, ameegemezwa ukutani, alimwonyesha kwa mkono wa kushoto kondensa iliyovimba, naye akaitoa vizuri. Kisha akamletea zile za akiba.

"Ipi, Baba Yudita? Na chanya ni upande upi?"

Tarsis alizigeuza moja baada ya nyingine. Bati tupu. Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka.

Telesia akabahatisha, akaiunga kinyume. Redio ilipowashwa, kondensa ilipata moto, ikavimba, ikapasuka. Dawa ya moto ilimbabua mkono, na redio ikaungua ndani.

Mzee Gideoni alifunga mabaki katika blanketi. "Sina neno nawe, mwanangu. Ila mama nitamwambia nini?"

Mama yule alifariki kabla ya mwaka kwisha, nyumba yake ikiwa kimya.

Lameki alipopata habari alirudi na kondensa zenye maandishi yake yote. Hakumkumbusha shemeji yake ya nyuma. Aliketi kando ya kitanda, akamfundisha dada yake, kila alama ikisomwa kwa sauti ili mgonjwa asikie.

Redio ya kwanza aliyoiponya Telesia ilikuwa ya katekista wa Uwemba. Mngurumo ulikoma, kwaya ikatoka safi. Majirani tukasongamana mlangoni, tukiogopa kuvuka kizingiti, maana karakana ile haikuwa ya kuingiwa. Tarsis, aliyeegemezwa humo ndani, alitutazama. Midomo yake ikahangaika.

"Wa... waingie," alisema. "Waone."

MAFUNZO

Ujuzi haupungui kwa kugawiwa. Anayeuficha huanza kwa kumnyima jirani, na mwisho hujinyima mwenyewe. Wewe fundi, wewe mkunga, wewe unayejua dawa ya mti fulani: mfundishe aliye karibu nawe leo, ungali na ulimi. Tarsis alisamehewa na wote, hata na Mzee Gideoni. Lakini msamaha haukumrudishia mama yule hata wimbo mmoja.