Jina la Odile Lilifutwa kwa Amri Moja

— Jina langu liko wapi, Lachlan?

Lachlan Gillis alikuwa anapiga mswaki. Alitoka bafuni na povu mdomoni na taulo kiunoni, akamkuta mchumba wake, Odile Thibodeau, amesimama katikati ya sebule. Amevaa koti la baridi juu ya nguo za kulalia, laptopu ameishika kwa mikono miwili, na macho yamemwiva. Nje theluji ya Halifax ilikuwa inaanguka tangu alfajiri.

— Jina gani tena, mpenzi?

— Usiniite mpenzi saa hizi. Jina langu! Kwenye programu yangu!

Lachlan akameza lile povu. Mtu akimeza dawa ya meno badala ya kujibu, ujue ana neno.

Waandishi wa programu wana mtindo wao. Ukimaliza kipande cha kazi unakihifadhi, na mfumo wenyewe unaandika jina lako, siku na saa. Odile alikuwa amehifadhi vipande zaidi ya mia sita kwa miaka miwili. Asubuhi hiyo aliwasha laptopu aongeze kipande kimoja kidogo kilichobaki, mfumo ukamkatalia, ukasema historia yake hailingani na iliyoko kwenye hifadhi yao ya pamoja. Alipoifungua hiyo hifadhi, vipande vyote mia sita vilisomeka jina moja: Lachlan Gillis. Hata kile alichokiandika usiku wa Krismasi, wakati Lachlan yuko Cape Breton kwa mama yake, amelewa hata kiatu hawezi kuvua.

— Nilitaka kukuambia, — alisema Lachlan.

— Lini? Kwenye keki ya harusi?

— Nisikilize kwanza. Wale watu wa Toronto walinipigia juzi, wakauliza wamiliki ni wangapi. Nikasema ni mimi peke yangu. Hawataki wachumba, Odile! Wachumba wakigombana, kampuni inakufa.

— Basi ungefuta la kwako!

Lachlan akajifuta mdomo kwa ncha ya taulo.

— La kwangu lilikuwa wapi hata nilifute?

— Enhe! Sema tena hivyo hivyo. Lilikuwa wapi?

Ile programu haikuwa mchezo. Ilikuwa inavuta bei za sarafu za kidijitali moja kwa moja kutoka masoko saba kwa wakati mmoja, bitkoini na wenzake, na kuzipanga kwenye skrini moja kabla hujapepesa jicho. Odile ndiye aliyeiandika, kila mstari. Lachlan alikuwa na mdomo, na mdomo nao ni kipaji, maana ndio uliowaleta watu wa Toronto. Saa nne asubuhi hiyo wangekuja kuiona. Wakiipenda wangeinunua, na yule aliyeiandika wangemfanya mkuu wa mafundi wao. Kwa hiyo aliyefutiwa jina alikuwa amefutiwa na kazi.

— Odile, mwezi wa sita tunaoana. Changu ni chako, chako ni changu.

— Mbona kila siku changu ndicho kinachotangulia kuwa chako?

— Wewe ukisimama mbele ya watu unatetemeka mpaka meno! Nani angeinunua programu kwa mtu anayetetemeka?

Hilo lilimchoma. Kweli Odile alikuwa anatetemeka mbele ya watu, na siri hiyo alimpa Lachlan mwenyewe, usiku mmoja, kichwa kikiwa kifuani pake. Leo amegeuziwa kisu.

Simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa mdogo wake, Rosalie, kutoka nyumbani kwao Clare, kwa wasema Kifaransa: "Dada, mama anauliza vitambaa vya meza za harusi viwe rangi gani? Fundi anangoja."

Odile akajibu: "Mwambie fundi atulie."

Rosalie: "Kuna nini?"

Odile: "Nitakuambia mchana kama bado nina mchumba."

Akaiweka simu chini. Akamtazama yule mwanamume aliyempenda miaka minne, akaona hasira yake ni kubwa lakini mapenzi bado yapo, na hilo likamzidishia hasira.

— Twende wote, — alisema. — Nitakaa pembeni, sitafungua mdomo. Lakini ukiwa mbele yao, Lachlan, utasema kwamba mimi ndiye niliyeandika. Mara moja tu. Ukilisema hilo, ugomvi wetu umekwisha, hutanisikia nikilitaja tena.

— Naapa kwa jina la mama yangu.

— Mwache mama yako. Apa kwa jina lako, maana umelipenda sana.

* * *

Saa nne kamili walikuwa ghorofa ya sita, chumba cha mikutano cha kukodi, buti zao zikichuruzika maji mlangoni. Wageni walikuwa watatu: mabosi wawili waliovaa suti, na mama mmoja wa makamo, mwenye sweta na miwani mikubwa, jina lake Philippa Drummond. Huyo ndiye aliyekuwa mhandisi wao, na mabosi hawakununua kitu bila neno lake.

— Na huyu dada? — aliuliza Bi Drummond.

— Huyu ni Odile, mchumba wangu, — alisema Lachlan, meno yote nje. — Amekuja kunitia moyo.

— Naye anaandika programu?

— Anajua-jua kidogo.

Odile akabana kalamu mpaka ikavunjika kifuniko. Anajua-jua kidogo! Akajiambia ngoja, bado hajafika mahali penyewe.

— Na hii tutakayoiona, nani aliiandika? — aliuliza Bi Drummond.

Odile akainua uso. Lachlan hakumtazama.

— Mimi, — alisema Lachlan. — Mstari kwa mstari.

Basi. Odile alihisi kitu kinakatika ndani yake, na kilipokatika hakikuuma kama alivyotegemea. Lilibaki joto tu, joto la hasira.

Lachlan akawasha skrini ukutani. Bei zikaanza kukimbia, nyekundu na kijani, masoko yote saba. Mabosi wakatikisa vichwa. Lachlan akapiga maneno yake, na maneno anayo. Mtu angenunua kwake hata theluji ya nje.

— Nzuri, — alisema Bi Drummond. — Sasa nikatie mawasiliano na soko moja.

Lachlan akakata. Ile programu ikaanza kubisha hodi kwenye lile soko ili iunganishwe tena, mara mamia kwa sekunde.

— Unaona? Inagonga mlango kama mwenye kudai. Soko litachoka na sisi litufungie kabisa. Iambie ipumzike sekunde tano kila baada ya kubisha. Andika hapa hapa, ni mstari mmoja.

Hicho ndicho kile kipande kidogo ambacho Odile aliamka kukiandika. Lachlan akacheka, akanyoosha vidole, akaandika. Na kweli ulikuwa mstari mmoja.

Bei zikaganda.

Siyo za soko lililokatwa peke yake. Zote. Sekunde tano kimya, zikaruka kidogo, zikaganda tena sekunde tano. Bi Drummond akatoa simu yake mfukoni.

— Kwenye simu yangu bitkoini imeshashuka dola themanini. Kwenye ukuta wako imesimama tu.

— Intaneti ya jengo hili, — alisema Lachlan. — Mbovu sana.

— Simu yangu inatumia intaneti ya jengo hili hili.

Lachlan akabadilisha tano ikawa moja. Bei zikawa zinakwenda kwa kwikwi. Akafuta, akaandika upya vile vile, akibonyeza kwa kishindo zaidi, kama vile kompyuta ingeogopa.

— Bwana Gillis, — alisema Bi Drummond taratibu, — nakuuliza tena. Nani aliyeandika programu hii?

— Nimeshasema ni mimi! Mpenzi, hebu njoo uangalie hii intaneti.

Odile akasimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, kila mtu aliiona, na safari hii hakuificha. Akamsukuma Lachlan kwa bega, akakaa kwenye kiti chake, akabadilisha maneno mawili kwenye ule mstari. Bei zikatimka, masoko sita mbio, na lile la saba likawa linabisha hodi kwa adabu kila baada ya sekunde tano.

— Amekosea nini? — aliuliza bosi mmoja.

— Kuna kungoja kwa namna mbili, — alisema Odile, na sauti nayo ilitetemeka. — Hii programu ni kama mhudumu mmoja wa mgahawa mwenye meza saba. Mteja wa meza moja akiwa bado anasoma orodha ya vyakula, mhudumu anakwenda kuhudumia wengine, atarudi. Yeye amemwambia mhudumu asimame pale pale, amkodolee macho mteja mmoja, na meza sita zife njaa. Ni kosa la wiki ya kwanza. Mimi nililifanya, nikalia siku nne. Aliyeandika mistari yote iliyobaki hawezi kulifanya leo.

— Ndiyo maana nampenda huyu mwanamke! — Lachlan akacheka, peke yake. — Tunasaidiana. Ni uchovu tu, nimesahau.

Bi Drummond alikuwa anaipitia programu kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Akasimama mahali.

— Haya maelezo ya pembeni, ambayo mwandishi hujiandikia mwenyewe. Yote ni ya Kifaransa. Hebu nisomee hili, Bwana Gillis.

Lachlan akatazama. Mtu wa Cape Breton, Kifaransa chake kinaishia kwenye supu.

— Hilo... ni la kitaalamu.

— Odile?

Odile akasoma, uso umemwiva:

— "Ikiganda tena naitupa hii mashine baharini. Saa tisa usiku. Lachlan amelala, vyombo hajaosha."

Bosi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa ni vyombo vichafu.

— Sikia, Odile, — Lachlan alinong'ona, ameinama sikioni kwake. — Hifadhi hiyo kazi kwanza. Tutaongea nyumbani. Hifadhi, tafadhali, wataondoka!

Odile akatazama chini ya skrini. Mfumo ulikuwa tayari, unangoja abonyeze tu. Na kwa kuwa laptopu ni ya Lachlan, jina lilikuwa limeshakaa mahali pake: Lachlan Gillis.

— Ng'o!

Akarudisha nyuma maneno yake mawili, moja baada ya jingine, mpaka ule mstari wa Lachlan ukarudi ulivyokuwa. Bei zikaganda ukutani.

— Kwenye programu hii nzima, — aliwaambia wale mabosi, — mstari huu ndio wake. Nimemwachia. Yangu yote iko kwenye laptopu yangu nyumbani, na jina langu na tarehe zake, maana alifuta kwenye hifadhi ya pamoja akasahau kwamba nakala yangu nayo ina historia nzima. Hata kuiba hajui.

Akachukua koti lake akatoka.

Lachlan alimkuta kwenye korido, anavaa glavu.

— Odile! Nimekosea, sawa? Nitarudisha jina lako leo hii. Ni amri moja tu!

— Najua ni amri moja! Ndiyo inayoniuma! Kufuta miaka miwili ya mtu kulikuchukua muda wa kuchemsha chai, na hukuona haya hata kwa muda huo!

— Nilifanya kwa ajili yetu!

— Sisi gani? Mimi nilikuwa pembeni, najua-jua kidogo!

— Miaka minne unaitupa kwa sababu ya jina?

— Ningeitupa kwa sababu ya jina, ningeitupa asubuhi. Nimekaa pale kama mjinga nasubiri uniite. Umeniita lini? Ulipokwama. — Akashusha pumzi. — Leo nalala kwa rafiki. Kesho nikija kuchukua vitu vyangu, nisikukute. Kwa mama yangu nitapiga mwenyewe, na kwa mama yako piga wewe, umwambie hakuna harusi. Mwambie na sababu.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bi Drummond akatoka, amevaa koti, mkoba begani. Akapita mbele ya Lachlan kama anapita mbele ya kabati.

— Bi Thibodeau, hiyo laptopu yako iko mbali?

— Dakika kumi kwa miguu.

— Twende. Theluji siiogopi.

Wakaingia kwenye lifti. Mlango ulipofungwa tu, Odile akalia. Alilia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja, na glavu zikawa ndizo leso. Bi Drummond hakumshika bega wala hakumwambia anyamaze.

— Ulijua kabla hatujaja? — aliuliza Odile.

— Niliisoma wiki iliyopita aliponitumia mistari yenyewe, bila majina. Kifaransa cha kwenu nakijua, mume wangu ni wa huko. Kwa maelezo yale ya pembeni nilijua kuna mwanamke nyuma yake, na kuna mtu asiyeosha vyombo.

— Mbona hukusema mwanzoni?

— Nilitaka aseme mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili.

Odile akajifuta macho.

— Mimi ningemsamehe hata kama angesema mara moja tu.