Mstari wa Nane

Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba. Asubuhi hiyo manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na hewa ilikuwa nzito kama nguo isiyokamuliwa. Kiduchu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliosha brashi zote, akazifunga kwa kitambaa, kisha akapiga magoti karibu na shangazi yake. Kazi yao ilianza hivyo kila siku.

“Mungu wetu, ishike mikono yetu isitetemeke,” shangazi aliomba.

“Amina!” Kiduchu aliitikia upesi, maana moyo wake ulikwishatangulia chuo kikuu.

Shangazi alikuwa fundi wa kuandika mabango. Mwaka ule chuo kikuu kilikuwa kimepata msimu usio na mfano: vikombe vinane! Timu za mpira wa miguu, netiboli, mpira wa wavu, kikapu na riadha zote zilikuwa zimewashinda wenzao wa vyuo vingine. Klabu za ngumi, mdahalo na drafti nazo zilikuwa zimerudi na ushindi. Majina yao yalitakiwa yaandikwe kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mweusi wa ukumbi wa michezo, kabla mgeni rasmi hajafika saa kumi alasiri.

“Ubao ni wako,” shangazi alimwambia walipofika. “Mimi nina bango la langoni. Piga mistari minane kwa uzi wa chaki. Hesabu mistari kwanza, brashi baadaye. Umenisikia?”

“Nimekusikia, shangazi.”

Kiduchu alipiga mistari minane, yote sawasawa. Alikuwa anachovya brashi wachezaji wa mpira wa miguu walipoingia wamebeba viti. Nahodha wao, kijana mrefu mwenye sauti ya mnada, alisimama.

“Mdogo wetu, mbona herufi zenyewe zitakuwa kama sisimizi? Sisi ndio mabingwa! Tuandike tuonekane mpaka barabarani!”

Wenzake wakapiga makofi. Kiduchu, aliyezoea kuchekwa kwa kimo chake, alijiona ameota mbawa. Alifuta chaki yote, akapiga mistari mipya mipana. Herufi za kwanza zilitoka nene, zinang’aa, na wachezaji wakamwita fundi mkuu. Naye akaendelea kuandika, timu baada ya timu, huku akijipigia mluzi.

Alipomaliza klabu ya mdahalo, mluzi ulikatika. Ubao ulikuwa umekwisha. Chini ya mdahalo palibaki nafasi ya vidole viwili, na katika orodha palibaki jina moja: Klabu ya Drafti.

Alijaribu kupima kwa rula, akapima tena. Rula haikumwonea huruma.

“Safi kabisa!” ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa afisa michezo wa chuo, mzee mnene mwenye firimbi shingoni hata siku isiyo na mchezo. “Utundikwe sasa hivi.”

“Shikamoo, mzee. Bado klabu moja. Nilikuza herufi, drafti wamekosa nafasi. Kosa ni langu.”

“Drafti?” Afisa alicheka. “Wale wanaosukuma vizibo vya soda? Nani atawauliza hao?” Alichukua orodha, akaikunja chini na kuchana ule mstari wa mwisho, chap! Akautia mfukoni. “Haya. Kama kuna atakayeuliza, sema haikuwamo katika orodha. Umepona.”

Kiduchu aliitazama karatasi. Kweli, sasa hakuna ambaye angemlaumu. Angeambiwa amefanya vizuri, na shangazi asingejua kwamba alifuta mistari aliyoagizwa. Aliomba kimoyomoyo, na jibu likamjia kabla hajafika kwenye amina.

“Siwezi kusema hivyo, mzee. Ilikuwamo.”

“Unasemaje?”

“Ilikuwamo. Niliisoma.”

Uso wa afisa ulibadilika. “Wewe mtoto, unajua unaongea na nani? Shangazi yako anapata kazi hapa kwa sababu yangu. Unataka leo iwe mara yake ya mwisho?”

Kiduchu alifikiria nyumbani. Kwao hapakuwa na fundi mwingine wala kazi nyingine. Wakati huohuo mlango ulifunguliwa, wakaingia wanafunzi wanne waliovaa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mbele yao alikuwa nahodha wa drafti, binti mwembamba mwenye miwani. Walisoma ubao kuanzia juu hadi chini. Kisha wakausoma tena, polepole.

“Mmepotea njia?” nahodha wa mpira aliwatania. “Drafti ni kwa kinyozi, mkisubiri zamu ya kunyolewa!”

“Kaka, ninyi mlishinda fainali kwa penalti, tena mkilia,” binti alimjibu bila kupepesa macho. “Sisi hatukupoteza hata mchezo mmoja. Nani aende kwa kinyozi?”

Ukumbi mzima uliangua kicheko, lakini binti hakucheka. Alikuwa bado anautazama ubao.

“Dada,” Kiduchu alisema, “mimi ndiye niliyewakosesha. Mlikuwa wa nane katika orodha. Nilitaka sifa, nikaandika herufi kubwa kuliko ubao.”

“Basi, yamekwisha!” afisa alifoka. “Tundikeni!”

Vijana wawili wakasogea. Kiduchu akaukumbatia ubao, rangi mbichi ikamganda mashavuni.

“Tundikeni!” alisema kwa sauti iliyotetemeka lakini haikurudi nyuma. “Nami nitasimama chini yake. Kila atakayepita nitamwambia, hapa pamekosekana drafti. Hata mgeni rasmi nitamwambia!”

“Utamwambia nini mgeni rasmi?” Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa rangi nyekundu.

Afisa alianza kulalamika, lakini Kiduchu alimtangulia. Alisema yote: uzi wa chaki, sifa, karatasi iliyochanwa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nilikuambia nini kuhusu mistari?”

“Nihesabu kwanza.”

“Ukafuta. Kwa hilo tutaonana nyumbani.” Kisha akamgeukia afisa. “Mzee wangu, kwa heshima zote, nipe kile kipande cha karatasi.”

“Fundi, usitafute ugomvi. Kazi utaikosa.”

“Nikiikosa, nitatafuta ukuta mwingine. Sikiliza. Mimi nilichora herufi miaka sita kabla sijajua kusoma. Nilikuwa naziiga kama mtu anayechora kuku. Nilipoanza madarasa ya jioni, nilipita kwenye duka moja nikasoma kazi ya mkono wangu: Maziwa Halisi. Na mtaa mzima ulijua kwamba pale wanauza maji yaliyokorogwa unga! Nililia siku ile. Nilimwahidi Mungu kwamba sitaandika tena uongo nikiujua, na kuruka jina la mtu makusudi ni uongo vilevile.”

Nahodha wa mpira alisogea mbele, akikuna kichwa.

“Mzee, chuo kimeleta vikombe vinane. Tukisoma saba, tumejifunga goli wenyewe. Na mimi ndiye niliyempa kichwa huyu mtoto.”

Afisa aliwatazama mmoja mmoja. Hakuona wa kumuunga mkono. Alitoa kipande kile mfukoni kikiwa kimekunjamana, akampa shangazi. “Basi ubao ufunikwe kwa kitambaa, maana hakuna muda wa kuuandika upya leo,” alinung’unika. “Lakini watu waambiwe kwa nini. Mimi sisemi.”

“Nitasema mimi,” Kiduchu alijibu.

Shangazi alimpangusa rangi shavuni kwa kitambaa chenye tapentaini. “Kumbuka hili, mwanangu. Kila mtu hukosea mstari. Aliye fundi ni yule anayeonyesha kosa lake mwenyewe kabla halijavunjia wengine heshima. Nenda, simama wima.”

Saa kumi ilipotimu, vikombe vyote vinane vilikuwa mezani, na cha drafti kimewekwa katikati. Kiduchu alipanda jukwaani. Mgeni rasmi, afisa, mabingwa na wazazi wao wote walimtazama.

“Ubao umefunikwa kwa sababu yangu,” alisema, na safari hii sauti yake haikutetemeka. “Niliwapa wengine nafasi ya wenzao. Naahidi mbele yenu nyote: Jumamosi ijayo, kabla ya saa sita mchana, ubao huu utakuwa na mistari minane, yote ya kimo kimoja, na mstari wa nane utasomeka Klabu ya Drafti. Njooni mpime kwa rula.”