Paka Aliyesingiziwa

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, nami nilikuwa nimeketi sebuleni kwake nikishona vifungo, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni porojo za saluni. Porojo za saluni nazijua, ndiko ninakopatia riziki.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa, siku ambayo saluni yetu huwa imefungwa. Shule zilikaribia kufunguliwa na Dada alikuwa amezidiwa na sare. Dada ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, mashine yake imeelekezwa dirishani ipate mwanga, na kutoka mlangoni hadi jikoni kwake unatembea kwa kuruka marundo ya vitambaa. Mumewe, yaani Shemeji yangu, ni dereva wa malori ya safari ndefu. Hufika nyumbani kama mgeni: anakula, analala, anaondoka. Mama yake Shemeji aliishi nao kwenye chumba cha nyuma, na alipofariki alimwachia Dada paka wake amtunze.

Paka huyo tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu chini hakai. Akiingia chumbani anatafuta kiti kirefu kuliko vyote, anakikalia, halafu anatutazama kana kwamba tumechelewa kikaoni. Mama mkwe alimpenda kupita kiasi. Hata alipopigwa na kiharusi, akawa wa kulala tu, paka alikuwa hamwondoki miguuni.

Baada ya msiba, Mwenyekiti akaharibika tabia. Beseni la choo chake liko pale pale pembeni ya mlango wa jikoni, safi, lakini yeye akakojolea sare za watoto. Akakojolea gauni la bi harusi wa watu. Na kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, ambako Dada alikuwa akipanga nguo zilizokwisha kupigwa pasi, ndiko alikozidisha. Angalau ndivyo sote tulivyoamini.

Jumatatu hiyo nilimsikia Dada akipiga kelele kule nyuma. Nikakimbia na uzi mdomoni. Nilimkuta amesimama na ndala mkononi, na Mwenyekiti yuko juu ya kabati, manyoya yamemsimama. Katikati ya shuka palikuwa pamelowa, mahali papana kuliko sinia. Nikataka kucheka, nikamwambia paka huyu ana kibofu cha ng'ombe. Nikanyoosha mkono nivute shuka.

"Usiguse!" Dada akasema. "Ondoka. Nitafua mwenyewe."

Akamrushia paka ndala ikampiga ubavuni. Mwenyekiti hakukimbia. Wala hakuwa akimtazama Dada. Macho yake yote yalikuwa kitandani, kwenye mto.

Shemeji alipiga simu mchana huo huo, na Dada akaiweka kwenye spika huku anakata kitambaa.

"Mpeleke kwa daktari," Shemeji akasema. "Ikishindikana, achomwe sindano alale moja kwa moja. Chumba cha mama yangu hakiwezi kunuka namna hiyo. Mama alikuwa msafi. Wewe mwenyewe uliniambia, mpaka anakata roho alikuwa msafi, shuka jeupe."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Ndiyo," Dada akasema. "Jeupe."

Tukampeleka Mwenyekiti kwa daktari wa mifugo, ndani ya kapu la sokoni lililofunikwa kwa kipande cha kitambaa cha sare. Daktari ni mtu wa mzaha. Alimbinya paka tumbo, akamtazama meno, kisha akauliza beseni la choo tunaliwekea nini.

"Mabaki ya vitambaa," Dada akajibu. "Ninayo mengi, ninatupa gunia zima. Nikaona mchanga wa nini."

Daktari akacheka hadi akavua miwani. "Fundi, huyu hana kosa. Umemfundisha mwenyewe kwamba kitambaa ndicho choo. Sasa ameingia sebuleni kwako, kila mahali ni kitambaa. Afanyeje? Anakuona una vyoo vingi kuliko stendi ya mabasi!"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Dada hakucheka. Alianza kulia, na alilia vibaya, machozi na kamasi, akimshika paka pale ubavuni alipompiga. Daktari akadhani ni huruma. Akasema tumwache Mwenyekiti pale kwa siku chache amzoeze mchanga, sisi twende tukasafishe nyumba.

Tulisafisha kwelikweli. Mabaki yote nje, beseni likajazwa mchanga, sakafu ikapigwa deki, godoro la chumba cha nyuma likasimamishwa juani mpaka jioni. Tukatandika shuka safi, tukafunga mlango na ufunguo Dada akautia mfukoni. Usiku ule nililala pale pale sebuleni nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Mimi nikajua mambo yamekwisha.

Kesho yake niliomba ruhusa saluni nimalizie vifungo, na mchana, jua liko utosini, tulikuwa tunashona. Redio ya jirani inasoma taarifa ya habari. Ghafla Dada akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu. Kwa nguvu sana. Meza ikatetemeka, bobini zikadondoka. Nikainua macho nimwambie taratibu, nikaona chini ya sindano hapakuwa na kitu. Alikuwa anashona hewa.

"Dada. Unashona nini?"

Jasho linamtiririka. Nikaenda nikamshika goti, mguu ukasimama. Mashine ikanyamaza.

Ko. Ko. Ko.

Kwenye ukuta. Ukuta wa chumba cha nyuma. Kugonga kwa kitu kidogo kigumu, kijiko labda, na aliyegonga hakuwa na nguvu.

"Umesikia?" Dada akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Afadhali." Akafumba macho. "Nilidhani ni mimi tu."

Alitoa ufunguo mfukoni, nikamsaidia kufungua. Dirisha limefungwa kama tulivyoliacha. Hakuna mtu. Hakuna paka. Mto tulioupiga makofi jana ukavimba, sasa ulikuwa umebonyea katikati. Na shuka lilikuwa limelowa, pale pale, katikati, papana vile vile. Nikagusa kabla hajanikataza.

Palikuwa vuguvugu.

"Sare zile alikojolea paka," Dada akasema polepole. "Gauni pia. Lakini hapa si yeye. Sijawahi kumwona amepanda kitanda hiki tangu Mama aondoke. Nilijua. Tangu mara ya kwanza nilijua."

"Na ulimpiga?"

"Nilimpiga."

Hatukuwa tumetoka hata chumbani tuliposikia lori likiguna nje. Shemeji alikuwa amefika mapema, bila kutupa taarifa, na tabia yake akifika ni kwenda kwanza chumba cha mama yake. Aliingia na viatu. Akatukuta tumesimama kama wezi. Akanusa. Akaona shuka.

"Yaani bado?" akasema. "Yule mnyama bado?" Akageuka, funguo za lori zikilia mkononi. "Basi. Naenda kwa daktari sasa hivi, amchome, yaishe. Msiniambie habari za kumhurumia."

Nilimtazama Dada. Nilijua anachofikiri, na nakiri hata mimi nilikifikiri. Angekaa kimya tu. Shemeji angekwenda, Mwenyekiti angechomwa sindano, na lawama zote zingezikwa naye. Paka hana mdomo wa kujitetea. Shemeji alikuwa amekwisha kufika sebuleni. Akashika kitasa.

"Mume wangu," Dada akaita. "Paka hakulala hapa. Yuko kwa daktari tangu jana."

Shemeji akasimama. "Sasa nani amekojoa?"

Dada akatoka chumbani, akamfuata hadi sebuleni.

"Mama."

Nilidhani atampiga. Hakufanya kitu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, na Dada akayasema yote akiwa amesimama mbele yake kama mtoto mbele ya mwalimu. Kwamba Mama alikuwa akitaka kubadilishwa anagonga ukuta kwa kijiko. Kwamba mwanzoni alikuwa anakimbia, anamnyanyua, anamfuta, anambadilisha, wanacheka. Kisha kazi zikawa nyingi na mgongo ukachoka, akaanza kusema nimalize huu upindo kwanza. Nimalize kola. Mwishowe akagundua kwamba akikanyaga mashine kwa nguvu, ukuta hausikiki.

"Siku ile aligonga sana," Dada akasema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Nikakanyaga. Nikakanyaga mpaka nguo ikaisha. Nilipokwenda alikuwa amekwisha kupoa, na chini yake kumelowa mpaka godoroni. Nikamsafisha. Nikatandika shuka jeupe. Ndipo nikakupigia simu."

Redio ya jirani iliendelea kusoma habari za bei ya mahindi. Shemeji alitazama pedali ya mashine, kisha akauondoa mguu wake juu yake, kana kwamba inaunguza. Akatoka nje. Nilimwona dirishani amepanda lori, amekaa nyuma ya usukani, injini imezimwa, na mabega yanamtikisika.

Dada hakumfuata. Aliingia jikoni, akachemsha maji, akayapooza kwa kidole kama mtu anayemwandalia mtoto mchanga. Akachukua beseni la kuogea, taulo, shuka safi. Nikainuka nimsaidie, akatikisa kichwa. Akaingia chumba cha nyuma akarudishia mlango.

Sikuchungulia. Moyo huo sikuwa nao. Lakini mlango ule ni wa mbao nyepesi, na nilimsikia.

"Nisamehe, Mama, nimechelewa." Maji yakamwagika kidogo. Kitambaa kikakamuliwa. "Haya, geukia kwangu. Polepole. Hapo." Kimya. "Sasa nishike. Nishike begani, usiogope, nimekubeba."

Kitanda kikalia.

Si mlio wa mtu kukalia kitanda. Namjua dada yangu uzito wake na nakijua kitanda kile. Ule ulikuwa mlio wa kitanda kinachoondolewa mzigo. Kimya kirefu. Kisha kikalia tena, taratibu, mzigo ukirudishwa.

Alipotoka alikuwa amebeba shuka lililolowa, uso umemtulia, nywele zimemganda kwa jasho. Alikuwa anahema kama aliyemnyanyua mtu mzima. Nikataka kumuuliza. Nikaona bega lake.

Juu ya blauzi yake, bega la kushoto, palikuwa na kiganja. Kimelowa. Kidole gumba mbele, vidole vinne nyuma, vimebana kitambaa mpaka kimekunjamana. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika shuka.

Shemeji alikuwa amerudi, yuko mlangoni. Aliliona lile bega. Akalisogelea, akainua mkono wake karibu na kile kiganja, hakugusa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja nikamchukue paka," akaenda kumleta.

Kitanda hakijalowa tena tangu siku ile. Mwenyekiti anatumia mchanga wake kwa heshima zote, ukimtazama anakugeuzia mgongo. Shemeji na Dada wanaishi. Kuna siku wanaongea, kuna siku wanapishana tu. Sare zilikwisha. Dada ameinunulia mashine mota ndogo isiyo na kelele, na hata hivyo akishona huwa anasimama kila baada ya muda, anasikiliza.

Aliniuliza mara moja, tukiwa tunakunja nguo: "Unadhani amenisamehe, au alishika tu kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumshika?"

Nikachukua nguo nyingine, nikakunja.

Blauzi alinipa mimi, alisema hawezi kukaa nayo. Nimeifua kwa sabuni ya unga, nikaifua kwa ya kipande, nikaipiga pasi mpaka ikatoa moshi. Leo nimeianika juani tangu asubuhi, kwenye upepo mzuri. Nimetoka kuigusa sasa hivi. Mikono imekauka, kola imekauka, mgongo umekauka kabisa.

Bega bado ni bichi, na lina joto.