Mgongo wa Kinyozi na Mitindo ya Pilates

Kila asubuhi kinyozi alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, na mke wake akimvalisha soksi. Miaka ishirini na mitatu ya kuinamia vichwa vya watu ilikuwa imemmaliza mgongo.

"Lete mguu, bwana harusi," mkewe alimtania. Yeye alikuwa fundi cherehani, mwenye mikono myepesi na maneno mepesi.

Kinyozi alicheka, lakini moyoni aliona haya.

Binti yao alichoka kumwona baba yake akijikaza. Jioni moja alimletea simu.

"Baba, tazama. Haya ni mazoezi ya Pilates. Yanaimarisha misuli ya tumbo na mgongo."

Kwenye simu, kijana mmoja alilala chali. Aliinua kichwa na miguu yote miwili, akapigapiga mikono hewani huku akihesabu mpaka mia moja.

"Ni hayo tu?" kinyozi aliuliza, akajilaza sakafuni.

Alipofika kumi na mbili, mgongo ulikaza. Hakuweza kugeuka wala kuinuka.

Binti alianza kulia. Mama yake alileta mto, akauweka chini ya magoti ya mumewe. Kisha naye akajilaza sakafuni, kando yake.

"Unafanya nini?"

"Nakusubiri. Tutaamka pamoja."

Walitazama dari karibu nusu saa.

"Pale kwenye kona kuna buibui," mkewe alisema. "Ana familia kubwa kuliko sisi."

"Usinichekeshe, mke wangu. Naumia."

Kesho yake alikuja jirani yao, rafiki wa mkewe. Kazi yake ni kuwatibu watu kwa mazoezi ya viungo katika kituo cha afya. Aliukagua mgongo taratibu.

"Miguu ina ganzi, shemeji? Haina nguvu? Unashindwa kuzuia mkojo?"

"Hapana, shemeji."

"Afadhali. Ungejibu ndiyo, tungekwenda kwa daktari sasa hivi."

"Kosa ni langu," binti alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani Pilates ni ya aina moja tu."

"Wengi hudhani hivyo, mwanangu. Uliyoyaona ni ya mtindo wa awali. Yana mpangilio wake, hili kisha lile, na mengine ni magumu. Yanamfaa zaidi mtu aliyezoea. Mtindo wa siku hizi hubadilishwa kumfuata mtu. Mwalimu anautazama mwili wako kwanza, ndipo anachagua."

"Na kile kitanda chenye springi, kinachoteleza, nilichokiona kwenye simu?" binti aliuliza.

"Springi humsaidia aliye dhaifu, tena humpa kazi aliye na nguvu. Ni kizuri, ila kinahitaji mwalimu awe karibu. Nyumbani, mkeka unatosha. Asiyeweza kushuka sakafuni hutumia kiti au ukuta."

"Basi upi ndio bora?" kinyozi aliuliza.

"Ule unaoufaa mwili wako, na ambao hutauacha njiani."

Siku chache baadaye, maumivu yalipotulia, jirani alikuja wakaanza. Kinyozi alilala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kichwa chini.

"Vuta hewa kwa pua. Itoe polepole, huku ukikaza tumbo kidogo, kama mtu anayefunga zipu ya suruali."

"Nipumue tu? Hata mtoto mchanga anapumua!"

"Anapumua vizuri kuliko wewe," jirani alijibu, na nyumba nzima ikacheka.

Wiki iliyofuata alimfundisha kuinua kiuno kidogo na kukishusha taratibu. "Misuli ikitetemeka kidogo, si neno. Maumivu makali yakija, acha. Na kule kazini, pandisha kiti cha mteja. Usiiname wewe."

Kinyozi alifanya dakika kumi kila siku. Wiki ya sita, alivaa soksi mwenyewe. Mkewe alisimama mlangoni, hajui mikono aipeleke wapi.

"Basi mimi nimeachishwa kazi," alisema.

Kinyozi alimvuta karibu, akamshika mkono kwa muda mrefu.

Si kwamba mgongo haukuuma tena. Siku nyingine ulinung'unika, naye akapunguza mazoezi, kisha akaendelea. Lakini sasa alinyoa mpaka jioni, na alirudi nyumbani akitembea wima.

Jumapili moja alimwona mkewe ameacha kushona, anajikanda shingo.

"Imeanza lini?"

"Zamani. Wewe ulikuwa unaumia zaidi, nikanyamaza."

Kinyozi aliinuka. Alitoka, akaenda kwa jirani, akarudi naye. Jirani aliikagua ile shingo vizuri.

"Wewe, dada, tutaanzia kitini," alisema.

Alimwonyesha jinsi ya kukaa wima, kushusha mabega na kupumua, kisha akaaga. Kinyozi alivuta kiti kingine, akaketi mbele ya mkewe. Magoti yao yaligusana.

"Vuta hewa," alimwambia.

"Nani amekufanya mwalimu?"

"Pumua kwanza, mke wangu. Tutagombana baadaye."

Mkewe alifumba macho, akavuta hewa. Mabega yake yakashuka polepole.