Kitabu Kisichokuwa na Wino Mwekundu

Maiti ya Mwalimu Kirunda ilikutwa kifudifudi katika shamba la mahindi, hatua nane kutoka barabara ya Budondo, pale mteremko unapoishia. Pikipiki yake ilikuwa vipande viwili: usukani na gurudumu la mbele upande huu wa mtaro, kilichobaki upande ule.

Inspekta Yekosofati alichuchumaa pembeni yake kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa haraka. Wenzake wa kituo cha Jinja walimtania kwamba hata akiulizwa jina lake hulifikiria kwanza.

"Nani aligusa hii mashine mwisho?" aliuliza.

"Wasike, afande. Fundi wa Mpumudde," alijibu Sajini Romano. "Jana jioni. Tumeshamkamata, maana watu walikuwa wanatafuta petroli ya kumchoma."

Wasike alikuwa amewahi kuwa askari wa jeshi lililoshindwa mwaka themanini na sita. Huu ulikuwa mwaka wa tisini, lakini Mpumudde ilikuwa bado inakumbuka. Tena, siku mbili kabla ya ajali, mwalimu alimtukana mbele ya wateja kwa kumcheleweshea kazi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili. Jicho la kushoto la Wasike lilikuwa limevimba.

"Ulitengeneza nini?"

"Cheni, afande. Na breki ya nyuma. Basi."

"Nyundo ulitumia?"

"Nyundo natumia kila siku. Mimi iko fundi."

"Mwalimu alikutukana."

"Aliniita mwizi wa jeshi. Watu yote naniita hivyo. Kama mimi naua kila mutu ananiita hivyo, Mpumudde inabaki na kuku tupu."

Yekosofati nusura acheke. Alimpenda mtu huyu papo hapo, na kwa sababu hiyohiyo akajionya asimwamini upesi.

Mkuu wa kituo hakuwa na shida hiyo. Alifungua kitabu cha ukaguzi kilichotolewa katika mkoba wa marehemu, akakigonga kwa kidole. "Ona. Mwaka themanini na tano mpaka themanini na tisa, kila mwaka imekaguliwa Mbale. Fremu nzuri. Breki nzuri. Matairi mazuri. Pikipiki nzima inapelekwa kwa fundi, kesho yake inakatika. Nani aliikata? Jumatatu Wasike anasomewa shtaka la mauaji."

"Bwana, ndani ya bomba la fremu mna udongo."

"Imeangukia shambani, ulitaka mwe na sukari?"

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwa mauaji hukumu ilikuwa kamba, na mtu kama Wasike hangepata shahidi hata mmoja wa kumtetea.

Yekosofati alirudi kwenye pikipiki akiwa na spoki ya gurudumu na bahasha. Mahindi yale yalikuwa yamenyeshewa, udongo wake ukinata kwenye viatu. Ndani ya bomba, urefu wa kiganja kutoka palipovunjika, alichokonoa udongo mkavu wenye kutu, na humo mlikuwa na nyuzi nyembamba za mizizi. Rangi nyeusi ya nje ilikuwa mpya kabisa. Chini ya rangi, chuma kilikuwa kimelika na kuwa chembamba kama bati la mkebe.

Mizizi haioti kwa siku moja. Lakini kitabu kilikuwa na mihuri mitano, na mahakamani mihuri mitano ingemshinda inspekta mwenye bahasha ya udongo. Ili kumtoa Wasike, ilimbidi kwanza akivunje kitabu.

Alikwenda kwa mjane, Namukose, aliyekuwa ameketi mkekani kati ya wanawake.

"Pole, mama. Mwalimu aliipata wapi hii pikipiki?"

"Mbale, bwana. Alionyeshwa mbili. Moja ya Wamboga, muuza nafaka. Hii ya mama mmoja mjane kama mimi sasa." Alijifuta macho. "Alirudi na furaha. Akaniambia kitabu cha Wamboga kimejaa wino mwekundu, lakini hiki hakina hata mahali pamoja."

Ijumaa asubuhi Yekosofati alishuka Mbale kwenye basi, akamkuta Wamboga sokoni akipakia magunia mawili ya maharage juu ya pikipiki ileile ambayo mwalimu aliikataa. Ilikuwa kuukuu, lakini iliwaka kwa teke moja.

"Nionyeshe kitabu chake."

Kila ukurasa ulikuwa mwekundu. Breki ya mbele dhaifu, irudi baada ya wiki mbili, imerudi, imepita. Cheni imelegea. Taa haiwaki. Mwaka themanini na sita: matairi vipara, ipite kwa dharura.

"Huyu mkaguzi alikuchukia?"

"Gidudu? Hapana, afande, ni kazi yake. Kila pikipiki alipanda mwenyewe. Anapanda nayo barabara ya mlima Wanale, anateremka na breki, kisha anaandika kosa. Bila kosa hutoki kwake. Hii nyekundu ni magonjwa imetibiwa. Nilimwambia mwalimu hivyo. Akasema mtoto wa daftari kama hii yeye hampi namba moja."

Maskini mwalimu. Alisahihisha madaftari miaka ishirini, na siku moja tu alipohitaji kuyasoma kinyume, alishindwa.

Yekosofati alimpa kitabu cha marehemu. Wamboga alisoma ukurasa wa themanini na sita, akaegemea gunia kwa kicheko.

"Matairi mazuri? Mwaka ule Mbale nzima haina tairi! Wakubwa wenyewe walitembea na vipara. Hii tairi ilitoka wapi, mbinguni?" Kisha kicheko kikakatika. "Lakini sahihi ni ya Gidudu kweli."

Siraje Gidudu alikuwa amestaafu mwishoni mwa mwaka uliopita. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka msikitini, amekaa barazani kwa dada yake, Kulusumu, yule mjane aliyemuuzia mwalimu pikipiki. Kulusumu alimkaribisha inspekta kwa chai kabla ya kumuuliza shida yake.

"Muhuri huu ni wako, mzee?"

"Ni wangu."

"Hii pikipiki uliikagua lini?"

"Tarehe zimeandikwa."

"Nakuuliza wewe, mzee, siulizi kitabu."

Yekosofati akamimina bahasha juu ya meza: udongo mkavu, kutu, nyuzi za mizizi.

"Hii ilikuwa ndani ya fremu."

Kulusumu aliinama kutazama, akajibu yeye, bila kuficha chochote. "Ni ya migomba, afande. Ile ya nyuma ya nyumba. Mimi na marehemu mume wangu tuliifukia mwaka themanini na tano, askari wasiichukue. Walimchukua yeye. Juzi Desemba nikaifukua, nikapaka rangi. Kaka akaniambia mambo ya kitabu ni kazi yake."

"Mama, aliyeinunua amekufa. Imekatika naye mteremkoni."

Kulusumu alishika kichwa. "Inna lillahi. Yule mwalimu?"

"Dada," alisema Gidudu kwa sauti ndogo, "kalete sukari."

Alipoingia ndani, Yekosofati alisogeza kiti.

"Jinja kuna fundi mahabusu. Jumatatu anashtakiwa mauaji, kwa sababu kitabu chako kinasema pikipiki ilikuwa nzima. Sina haja ya kukupigia kelele. Nataka ujue tu."

Mzee aliusogeza udongo ule kando. "Andika," alisema. "Miaka mitano yote niliiandika siku moja, kwa kalamu moja. Sikuipanda. Sikuigusa hata kwa kidole."

Yekosofati aliandika, na alipomaliza sentensi hiyo kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Wasike alikuwa amepona. Angeweza kuishia hapo, lakini udadisi ulimshika.

"Mji mzima unasema hukuwahi kumpitisha mtu bila kosa. Kwa nini hii?"

"Mwaka themanini na tano askari walikuja kwangu na bunduki. Walitaka daftari langu, wajue nani ana pikipiki. Jina la shemeji lilikuwa ukurasa wa pili. Walikaa nje wakivuta sigara, nilikuwa na nafasi ya kuchana ule ukurasa. Sikuchana. Niliogopa wangehesabu kurasa. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walitoa pikipiki zao, wakaachwa. Shemeji alikataa kusema iliko. Sasa dada analeta mashine ileile, anasema kaka nisaidie niuze, nianze upya. Nimwambie haifai? Hata kuikaribia nilishindwa, afande. Nikaandika nzuri, nzuri, nzuri, iondoke mbele ya macho yangu."

Kulusumu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la sukari. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Aliliweka mezani polepole.

"Miaka mitano tunakula sahani moja," alisema.

"Dada..."

"Usiniite." Hakupandisha sauti. Alimgeukia inspekta. "Afande, huyo fundi mtoe leo. Usingoje Jumatatu." Kisha akasukuma karatasi ya maelezo mbele ya kaka yake. "Tia sahihi. Na lile la mume wangu liandikwe pia."

Gidudu alitia sahihi, akainuka kwenda na inspekta. Kulusumu hakumsindikiza.

Jumamosi asubuhi Wasike alitolewa mahabusu akiwa na kamba za viatu mkononi. Namukose alikuwa kaunta, amesubiri tangu alfajiri.

"Nilisema kwa watu wote kwamba ni wewe," alimwambia.

"Nilisikia, mama. Hata huku ndani nilisikia."

"Sasa niseme namna gani?"

Wasike aliinama kufunga viatu. Alipitisha kamba tundu kwa tundu.

"Sema hapana mimi," alisema. "Sema na sauti ileile."

Namukose alijifunga leso kiunoni, wakatoka pamoja kuelekea Mpumudde. Alianzia duka la kwanza.