Mkanda wa Kiti cha Pembeni

Nayasimulia haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na sehemu yake nyingine niliiona kwa macho yangu haya.

Dada ni muuguzi. Alipata kazi nchi ya mbali, ya kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee wasioweza kutoka: kuwafunga vidonda, kuwachoma sindano, kuhakikisha wamemeza dawa. Kazi hiyo haifanyiki bila gari. Wakampa gari dogo jeupe na muda wa majaribio. Akishindwa kuendesha peke yake, anarudishwa nyumbani. Na kurudi nyumbani maana yake ilikuwa moja tu, kurudi kwa shemeji, mumewe.

Shemeji ndiye aliyemfundisha kuendesha, kama kule ni kufundisha. Alikaa kiti cha pembeni, mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu utadhani kuna breki, mkono wake ukinyakua usukani kila kona. "Utaua mtu wewe." Miaka yote ya ndoa dada hakuwahi kushika gari bila yule bwana pembeni yake. Siku ya safari, mbele ya mama yetu, akamwambia, "Bila mimi hufiki hata dukani." Watu wakacheka, eti ni utani.

Kule usukani uko kushoto na magari hupita kulia. Kwa mazoea ya huku kwetu, dada alikuwa akifungua mlango wa kulia, anakaa, anatafuta usukani, haupo. Anajicheka, anazunguka gari. Asubuhi moja ya kawaida kabisa, jirani anamwagilia maua, vioo vya gari bado vina umande, akakosea tena. Akakaa. Kiti kilikuwa cha moto, kama mtu amenyanyuka sasa hivi.

Akahamia upande wake, akawasha gari. Likaanza kulia. Ting. Ting. Ting. Taa nyekundu ikamwambia abiria hajafunga mkanda. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Hata mkoba wake alikuwa ameuweka nyuma. Akaenda kwa fundi wa kazini. Fundi akapima, akapima tena.

"Kifaa ni kizima," alisema. "Kuna uzito umekaa pale."

Kisha akaurudishia ule mlango taratibu, vile unavyomfungia mtu mlango usimbane vidole.

Jioni dada akanipigia. Alikuwa peke yake chumbani, lakini alinong'ona.

"Mdogo wangu, usukani unavutwa."

"Unavutwa na nini?"

"Unavutwa kushoto. Upande wa huko kwetu."

Nikaelewa. Upande wa huku kwetu, kwa kule, ni upande yanakotokea magari yanayokuja mbele yako. Akawa anaendesha mwendo wa kobe, anachelewa kwa wazee, anafika kwao analia. Msimamizi wake akampa hadi mwisho wa juma. Mama akasema arudi tu, roho ni bora kuliko kazi. Mimi nikakasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Nilikuja kujua. Kila mchana nilikuwa nikipita kwa shemeji kumchukua mpwa wangu akitoka shule. Siku hizo nilimkuta shemeji sebuleni, kwenye kiti chake cha mikono, ameuelekea ukuta, macho ameyafumba. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza zulia. Unakandamiza, unaachia. Unakandamiza.

"Dada yako anaendeleaje na gari?" aliniuliza bila kufumbua macho. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nje ya mama.

Siku ya mwisho dada alikuwa njiani kwa mzee mmoja anayesubiri sindano yake. Ting. Ting. Barabara nyembamba. Lori linakuja. Usukani ukavutwa kushoto. Akashikilia. Ukavutwa tena, na safari hii akauhisi mkono. Mkono mzima, juu ya wake. Wenye pete. Pete anayoijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekivisha kidole kile.

"Utaua mtu wewe," kikasema kiti kitupu.

Dada anasema hapo woga ulimwisha. Ulibaki moto tu kifuani. Miaka yote ile! Na bado amemfuata hadi kule!

"Toa mkono wako!"

Akavuta usukani kulia kwa nguvu zake zote. Lori likapita likipiga honi. Akasimama kando, akaunyakua ule mkanda wa kiti cha pembeni na kuuvuta hadi mwisho. Haukulala kwenye kiti. Ulibaki umetuna, umebana kitu kipana. Akauchomeka. Kak! Mlio ukakoma.

"Haya, kaa hapo," alisema. "Na mdomo ufunge."

Akaondoa gari.

Saa hiyohiyo mimi nilikuwa sebuleni kwa shemeji. Nilimwona akirushwa nyuma kwenye kiti chake. Shati lake likabonyea, mstari mmoja, toka bega la kulia hadi kiunoni kushoto. Akasukuma, hakunyanyuka.

"Nitoe," alininong'oneza.

Nikampigia dada. Akapokea kwa spika, nikasikia injini.

"Dada, shemeji hawezi kuinuka kwenye kiti."

Nikasikia indiketa ikigonga, anakata kona.

"Nina wagonjwa wawili bado," akasema. "Mwache akae."

Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Nikamsogezea shemeji simu sikioni ili asikie gari linavyokwenda vizuri, akasikiliza mpaka machozi yakamtoka. Kisha nikamshika mpwa wangu mkono, tukaenda zetu.

Mkanda ule uligoma kufunguka. Jioni fundi aliukata kwa mkasi, na huku shemeji akainuka. Dada alithibitishwa kazini. Sasa anaendesha popote, madirisha wazi, anaimba.

Shemeji anasema ni baridi yabisi tu iliyomkamata siku ile. Lakini ule mstari umebaki mweusi kifuani mwake, haujafutika, na hajaniuliza tena habari za gari. Juzi nilipita kwake kuchukua madaftari ya mtoto. Zulia la sebuleni ni jipya, halina hata mwaka. Mbele ya kiti chake, pale unapokaa mguu wa kulia, limelika hadi simenti, na simenti yenyewe imebonyea.