Vijiko Vitano vya Chumvi

Kabla hakujakucha, mwiko ulikuwa ukigonga bakuli jikoni: ko, ko, ko. Shangazi aligeuka kitandani, akauliza kupitia ukutani, "Mwanangu, unakoroga unga au unampiga mtu?"

"Nampiga mtu, shangazi."

"Basi mpige polepole, wengine tumelala."

Mpigaji alikuwa mwanafunzi wa uokaji. Chuoni walimwita Chachu, kwa kuwa hakukawia kuumuka. Aliyekuwa akipigwa humo bakulini ni kijana wa idara ya sauti, mwenye shati la bluu na visikizio shingoni. Walikutana langoni pa chuo saa ya msongamano. Kiwiko cha kijana kiligonga trei yake, skonzi zikamwagika chini. Kijana akaokota moja, akaipuliza, akaila.

"Imeanguka hiyo," Chachu alimwambia.

"Hata mimi nimeanguka. Umeona mtu akinitupa?"

Tangu hapo simu haikupoa. Umekula, mpenzi? Nakusubiri wewe. Basi utakonda.

Mwalimu wao alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alitunga somo la kazi anayojifunza, akaliweka kwenye ukurasa wa chuo mtandaoni, na yeyote aliweza kulitumia na kulirekebisha. Chachu alitunga somo la mkate wa kwanza, kwa mtu asiyewahi kushika unga. Alifuta na kuandika upya mpaka shangazi, ambaye hata uji humshinda, akatoa mkate wa kupendeza.

Jana alifungua ukurasa ule. Juu ya somo lake, kwa herufi nene, palikuwa na jina la yule kijana. Simu ya kijana ikaita, akaikata. Ikaita tena, akaifungia namba yake.

"Muulize kwanza," shangazi alimshauri sasa, akiingia jikoni na khanga begani.

"Mwizi haulizwi, shangazi. Mwizi anashikwa."

Akajifuta mikono, akachukua simu, akaingia kwenye somo. Palipoandikwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi, akaandika vijiko vitano vikubwa. Moyo wake ukatulia. Akilini aliwaona waokaji wakitema na kuuliza huyu mpumbavu ni nani, na jibu liko pale juu. Wiki ile alivaa gauni lake la njano, akapita mbele ya idara ya sauti bila kugeuza shingo. Kisasi kilimkaa mwilini kuliko gauni.

Jumamosi ikaingia namba asiyoijua.

"Ni Chachu?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Simu imenisomea namba yako hapa juu ya somo. Mwanangu, nimekosea wapi? Wajukuu wameutema mkate wangu."

"Mama, jina la juu si langu, ni la..."

Akafungua ukurasa. Jina la juu lilikuwa lake.

Ukurasa ule humweka juu aliyeligusa somo mwisho. Mwalimu aliwaeleza hilo siku ambayo Chachu alikuwa akichekeshwa na ujumbe wa kijana chini ya meza. Akateremka mpaka mwisho, mahali ambapo hakuwahi kufika, akakuta maneno ya kijana: "Aliyelitunga ni Chachu. Mimi nimefupisha sentensi tu, ili simu imsomee mama yangu taratibu mikono yake ikiwa ungani. Macho yamemwacha. Mikono bado anayo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Mama," alisema, "nielekeze kwako."

Aliyemfungulia mlango ni kijana, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Ni wewe uliyetia chumvi."

"Ni mimi. Nilitaka wakutukane."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza. Najua ukurasa unaruhusu. Mimi si ukurasa."

Kijana akainama. "Nilitaka uonje kwanza mkate wa mama, ndipo nikwambie. Niliona ni zawadi."

"Zawadi gani hiyo, unainyakua kwa mwenyewe ndipo umpe?"

"Mlete huku," mama aliita kutoka jikoni. Alikuwa ameketi wima, aproni imepigwa pasi. "Karibu kiti, Chachu. Nimekuwekea kipande cha mkate ule. Niliwaambia wajukuu kwamba bibi yao sasa anaona kwa mikono. Wakacheka. Kula."

Chachu akala. Ulimi uliungua, macho yakalowa, lakini hakuomba maji. Mama akakata kipande cha pili, kinene kuliko cha kwanza. Kijana akavuta kiti, akakimega nusu, akatafuna kando yake. Mama akatega sikio. Aliposikia wanaotafuna ni wawili, akalisogeza mbele jagi la maji.

"Inatosha."

Chachu akalirekebisha somo palepale, simu ikasoma: kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Wakakanda wote watatu, na safari hii mkate ukalika.

Mlangoni kijana akanong'ona, "Nikipiga kesho, utapokea?"

"Piga, utajua."

"Chachu," mama aliita nyuma yao, "uje tena Jumamosi. Wajukuu wanataka kumwona aliyetia chumvi."